Tope la Eropleni ya Mwaka 1920

Hapa Tunduma ni nadra kumwona mtoto asiyejua kuunda motokaa kwa waya au eropleni kwa mabua. Malori husimama barabarani mchana na usiku yakingoja zamu ya kuvuka mpaka kwenda Nakonde; mtoto huyatazama hata akayajua matairi yake na mabomba yake ya moshi, kisha huenda nyumbani akaunda alichokiona. Lakini eropleni huiona kwa mbali tu, ipitapo juu kuelekea uwanja wa Songwe kule upande wa Mbeya, nayo huonekana nyeupe na safi kama iliyotoka dukani leo. Kwa hiyo eropleni zote za mabua nilizopata kuziona zilikuwa safi. Hapa nataka kueleza habari za mfano mmoja ambao wanafunzi wa shule yetu waliuunda, kisha wakauchafua kwa makusudi, na jinsi kazi ile ya kuuchafua ilivyotulazimisha kuitafuta historia ya nchi hii na ya jirani zetu.

Mfano wenyewe ni wa eropleni ya zamani, ya mabawa ya ghorofa, yaani bawa moja juu na jingine chini yake, nayo yameshikamanishwa kwa nguzo na waya. Aina yake huitwa Vickers Vimy. Ilibuniwa Uingereza wakati wa vita ya 1914–1918 ili ichukue mabomu, lakini vita ikaisha kabla haijapata kazi hiyo kwa wingi, nayo ikajipatia sifa katika safari ndefu za amani. Mwezi wa Juni 1919 Alcock na Brown walivuka bahari ya Atlantiki kwa Vimy bila kutua, na kabla mwaka ule haujaisha ndugu wawili, Ross Smith na Keith Smith, walitoka Uingereza wakafika Australia kwa Vimy nyingine. Ikabaki Afrika. Tarehe 4 Februari 1920 Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, wote wawili wazaliwa wa Afrika ya Kusini, waliondoka Brooklands karibu na London kwa Vimy waliyoiita Silver Queen, maana yake Malkia wa Fedha, wakikusudia kufika Cape Town. Njia yao ilikuwa ya Misri, Sudan, Kisumu, nchi yetu hii, kisha Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala, nao uko ng'ambo ya mpaka, magharibi ya Tunduma. Sisi tuliichagua kwa ajili ya ujirani huo.

Kwanza tulikata shauri juu ya kipimo. Eropleni yenyewe ilikuwa na meta 20.75 toka ncha ya bawa hata ncha ya pili, urefu wa meta 13.28, na kimo cha meta 4.76. Tukagawanya kila kipimo kwa 50, tukapata upana wa sentimeta 41.5, urefu wa sentimeta 26.5, na kimo cha sentimeta 9.5. Mtu mzima katika kipimo hicho huwa na kimo cha sentimeta 3.4 tu, sawa na kijiti cha kibiriti kilichokatwa kichwa na kupunguzwa kidogo. Namsihi mwalimu yeyote atakayeijaribu kazi hii aanze kwa hesabu namna hiyo, maana mtoto hawezi kudanganya kipimo: bawa likizidi, nguzo hazifiki.

Kiwiliwili tulikiunda kwa vijiti vya mwanzi uliopasuliwa. Mbavu za mabawa kwa maganda magumu ya bua la mahindi. Na moyo wa bua, ule mweupe na mwepesi, ukachongwa kwa wembe kuwa mitambo miwili. Juu yake tukavika bafta nyembamba, tukaipaka uji wa muhogo uliochujwa vizuri. Uji ukikauka, nguo hukaza kama ngozi ya ngoma. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa eropleni yenyewe, kwani mabawa yake yalivikwa kitani, kisha yakapakwa dawa ya kukikaza kitani kile kisipitishe upepo. Waya tulizifanya kwa nyuzi za katani zilizochambuliwa moja moja. Mkia wa Vimy nao ni wa ghorofa, na usukani wake ni pacha. Magurudumu yake makubwa ni manne, mawili mawili chini ya kila mtambo. Na kila mtambo una rafadha ya mbao yenye panga nne. Rafadha hizo zilitushinda mara tatu kabla hazijakaa sawa.

Kazi ilipokwisha, wanafunzi walichanga fedha wakanunua kopo la rangi inayong'aa, ile ipakwayo mageti, wakaipaka eropleni yote toka pua hata mkia. Ikawaka kama sufuria mpya. Je, jina lake si Malkia wa Fedha? Nami sikuwakemea. Niliwauliza neno moja tu: Eropleni iliyofika Abercorn ilikuwa ipi?

Walishangaa, maana walidhani ilikuwa moja. Lakini Silver Queen iliyotoka Brooklands haikufika huku kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Februari, ikiwa juu ya mto Nile kusini ya Misri, rejeta ya mtambo mmoja ilivuja, maji yakapungua, mtambo ukapata moto kupita kiasi, na marubani wakalazimika kushuka gizani karibu na Korosko. Ikavunjika. Watu wakapona, na mitambo yote miwili ikapona. Basi mitambo ikafunguliwa, ikachukuliwa, ikatiwa katika Vimy nyingine waliyoazimwa na jeshi la anga la Waingereza huko Misri. Nayo ikapewa jina lile lile na kuitwa Silver Queen ya pili. Hiyo ndiyo iliyoondoka Cairo tarehe 22 Februari ikaja upande wetu. Kwa hiyo eropleni waliyoiona watu wa Abercorn ilikuwa na kiwiliwili cha Misri na moyo wa safari ya kwanza; mitambo yake ilikuwa imekwisha kuvuka bahari, jangwa, na ajali moja. Fundi wa mifano aipakaye rangi moja mpya toka mwanzo hata mwisho amesema uongo, ijapokuwa hakufumbua kinywa.

Kutoka hapo wanafunzi wenyewe wakataka kuichafua. Hapo tena ikabidi kuwazuia kidogo, kwa kuwa uchafu nao una kipimo chake. Tone la tope lenye upana wa milimita 4 juu ya mfano wetu ni sawa na doa la sentimeta 20 juu ya eropleni yenyewe. Ukirusha matone kwa mswaki ovyo, umeifanya eropleni iliyopigwa madongo na wahuni. Udongo lazima usagwe, upepetwe, upitishwe katika kitambaa hata uwe laini kama poda, kisha upakwe kwa pamba kidogo kidogo. Masizi hukwanguliwa katika taa ya mafuta, yakapulizwa nyuma ya mabomba ya moshi, yakipungua kwa kadiri yaendavyo nyuma. Chai ya rangi iliyokolea hufaa sana kwa nguo iliyochoka kwa jua. Hupakwa juu ya mabawa ya juu zaidi kuliko ya chini, maana ya chini yamo kivulini. Penye kiti cha marubani, mahali mafundi wapandapo na kukanyaga, rangi hukwanguliwa kwa msasa kuonyesha nyayo za kila siku. Sharti langu lilikuwa moja: asiweke mtu doa asiloweza kulitolea sababu.

Mvulana mmoja akaleta mafuta akataka kuyapaka kiwiliwili kizima, kwa kuwa alisoma mahali fulani kwamba eropleni za kale zililowa mafuta. Neno lake lina kweli ndani yake, lakini si kwa Vimy. Eropleni nyingi za miaka ile zilikuwa na mtambo wa kuzunguka, yaani mtambo wote hupiga mzunguko pamoja na rafadha yake, nao ulitumia mafuta ya nyonyo, haya haya ya mbarika tunayopaka nywele. Nayo hurushwa nje na kumrukia rubani usoni. Vimy haikuwa hivyo. Mitambo yake ya Rolls-Royce ilisimama mahali pake na kupozwa kwa maji. Basi mvulana akafuta mafuta yake, akachora mahali pake mchirizi mwembamba wa maji ya chokaa chini ya rejeta, kwa ukumbusho wa Korosko.

Nchi zetu za joto zilikuwa zimekwisha kuwafundisha Wazungu adabu katika habari za eropleni kabla ya 1920. Mwaka 1914 Waingereza walileta pwani eropleni za kutua majini, ili waitafute manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Joto na unyevu vikalegeza gundi na kuviharibu viungo vya mbao, na nyingine zikashindwa hata kupanda juu na mzigo wake. Hata Julai 1915, eropleni za mabawa ya ghorofa ziliporuka kutoka kisiwa cha Mafia na kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli ndogo za vita, ndipo Königsberg ilipopigwa, tarehe 6 na tena tarehe 11, ikaangamia. Nilieleza hayo darasani kwa sababu watoto wa siku hizi hudhani eropleni ni chuma. Zile zilikuwa mbao, nguo, gundi na waya. Zilikuwa na undugu na kitanda cha kamba na mwavuli kuliko na motokaa. Mtu wa Songwe anayekijua kimondo cha Mbozi aweza kudhani kwamba kila kitokacho angani ni chuma tupu!

Sasa tukafika kwenye magurudumu. Wanafunzi walikuwa wamesaga udongo mwekundu, ule wa mwezi wa Septemba ambao huingia mpaka katika chungu cha mboga. Tukatazama tena tarehe. Silver Queen ya pili iliondoka Cairo tarehe 22 Februari, ikafika Bulawayo tarehe 5 Machi. Siku za katikati ndizo ilizopita nchi yetu na Abercorn. Mkulima gani wa Mbozi, Momba au Ileje asiyejua Februari na Machi ni miezi gani? Mvua! Basi si vumbi, ni tope. Tukalikoroga udongo kwa uji kidogo, tukalipaka magurudumu, na chini ya bawa la chini, nyuma ya magurudumu, pale linaporukia gurudumu likizunguka. Vumbi la jangwa tukaliacha katika pembe za ndani tu, ambako mvua haikulifikia.

Lakini nimesema kila doa liwe na sababu yake. Tope hili lilitoka wapi? Lilitoka katika viwanja. Na viwanja havikuota kama nyasi.

Mwisho wa 1918 serikali ya Uingereza ilituma vikundi vitatu vya kupima na kutengeneza njia ya eropleni toka Cairo hata Cape Town. Kikundi cha tatu kilipewa sehemu ya kusini, toka Abercorn hata mwisho wa njia, chini ya Meja Court Treatt, yule ambaye baadaye, miaka ya 1924 hata 1926, aliongoza safari ya motokaa toka Cape Town hata Cairo. Katika nchi hizi za juu, adui wa kiwanja si mti. Mti hukatwa, kisiki hung'olewa. Adui ni kichuguu. Vichuguu vya upande ule vyaweza kufika kimo cha meta 7 na zaidi, navyo vikavukapo huwa vigumu kama tofali lililochomwa. Huko Ndola walifanya kazi watu 700, toka Aprili hata Agosti 1919, nao waliondoa katika vichuguu peke yake udongo wa kiasi cha tani 25,000.

Tuligawanya ubaoni. Tani 25,000 kwa watu 700 ni zaidi ya tani 35 kwa kila mtu. Mtu akichukua kilo 25 katika kikapu, ni mizigo zaidi ya 1,400. Na kila mzigo lazima uchimbwe kwanza kwa jembe na sururu. Darasa lilinyamaza. Msichana mmoja, ambaye baba yake hufyatua matofali, akasema kwamba hesabu ile ni ya mtu ambaye haugui hata siku moja.

Tena tazameni wakati wenyewe. Mwezi wa Mei 1916 Jemadari Northey alivuka mpaka kuingia nchi hii, na vikosi vyake vilitoka Karonga, Fife na Abercorn. Fife ni hapa hapa jirani na Tunduma. Vita ile huku bara ilichukuliwa vichwani. Chakula, risasi, dawa, hata vipande vya mizinga, vilibebwa na wapagazi, ambao upande wa kusini waliitwa tenga-tenga. Walitoka pande zote mbili za mpaka, na wengi sana hawakurudi. Tarehe 25 Novemba 1918 Jemadari von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini mjini Abercorn, siku 14 baada ya vita kwisha Ulaya. Miezi ile ile homa ya mafua ilipita vijijini ikaua watu. Basi kati ya siku ile ya kuweka silaha na jembe la kwanza la Ndola haikupita hata nusu ya mwaka. Njia ya eropleni ilisifiwa kwamba itaupunguza mwendo wa miezi uwe wa siku, nayo ni kweli. Ila iliandaliwa kwa mikono na vichwa vile vile vilivyokuwa vimetoka katika vita. Marubani walipata kila mmoja zawadi ya pauni 5,000 kutoka serikali ya Afrika ya Kusini, wakapewa na heshima ya kuitwa Sir. Sisemi hawakustahili, maana walihatarisha roho zao. Lakini katika habari nilizozisoma, marubani wana majina, na meja ana jina, na eropleni ina jina, tena mara mbili. Wale 700 wana hesabu tu.

Safari yenyewe haikumalizika kwa Vimy. Eropleni nyingine ya ukoo ule, yenye kiwiliwili cha mviringo kama yai, iliyopelekwa kwa gharama ya gazeti la Times la London, ilikuwa imetangulia, ikaanguka Tabora tarehe 27 Februari wala haikuendelea. Silver Queen ya pili ilifika Bulawayo, na tarehe 6 Machi, ilipojaribu kuondoka na mzigo wake, ilishindwa kupanda, ikaanguka ikavunjika. Hewa ya nchi za juu ni nyepesi, na ikipata joto huzidi kuwa nyepesi. Mabawa hayapati cha kuegemea, na mtambo haupati pumzi ya kutosha. Marubani walipona, wakaletewa eropleni ndogo zaidi, DH.9 iitwayo Voortrekker, wakafika Cape Town tarehe 20 Machi 1920. Walikuwa wametumia siku 45, na katika hizo saa za kuruka zilikuwa 109 na nusu.

Wanafunzi waliuliza kwa nini eropleni haikupita Mbeya. Mbeya ilipata zamu yake Januari 1932, Imperial Airways walipofungua safari za barua toka London hata Cape Town, zikitua Dodoma, Mbeya na Mpika. Nazo zilitumia eropleni za mabawa ya ghorofa za de Havilland, zenye mitambo mitatu, na mstari ulionyooka toka Mbeya hata Mpika hukata pembe ya mkoa wetu upande wa Ileje. Hizo tutaziunda mwaka ujao, mabua yakipatikana mazuri.

Ilibaki kufanya ubao wa kuisimamishia. Shauri la kwanza la wanafunzi lilikuwa kuupaka rangi ya majani mabichi, uwe laini kama meza. Baada ya hesabu ile hakuna aliyelitaja tena. Walileta udongo wa kichuguu kutoka nyuma ya shule, wakausambaza juu ya ubao, na pembeni wakaacha kichuguu kimoja ambacho bado hakijavunjwa. Kwa kipimo chetu kichuguu cha meta 7.5 huwa na kimo cha sentimeta 15. Eropleni ina 9.5. Mtu akiingia darasani, kitu cha kwanza anachokiona juu ya ubao ni kichuguu, ndipo aione eropleni. Mzazi mmoja alituambia tumekosea vipimo. Tukampa rula akapima mwenyewe.

Watu waliwachonga kwa moyo wa bua. Mia saba walikuwa wengi mno kwa ubao ule, kwa hiyo wamechonga 35, kila mmoja badala ya 20, wenye majembe ya vijiti na vikapu vya ganda la karanga. Hakuna wawili walio sawa. Kila mwanafunzi alichonga wake, na wengine wamewapa majina ya babu zao. Tope lililo miguuni mwa watu hao na tope lililo katika magurudumu vimetoka katika kikombe kimoja.

Ubao wote tumeuweka juu ya makopo manne yenye mafuta ya taa, maana mchwa wa hapa wamekwisha kula mkia wa eropleni ya kwanza tuliyoijaribu, pamoja na kitabu cha mahudhurio kilichokuwa chini yake.